Matheka Alivyomwoa Mkewe Mara ya Pili

Siku tuliyomzika Matheka, mwaka wa 1989, bwana mmoja kutoka kampuni yake alisimama mbele ya waombolezaji akasema marehemu alikuwa mfanyakazi mwaminifu, ila hakuwa mtu wa kutaka makuu, ndiyo maana aliingia mhasibu na kutoka mhasibu. Nilitaka kumrukia. Masinde, jirani yetu aliyekuwa ameketi kando yangu, aliniona nikivuta pumzi akanikamata mkono, maana ananijua nikianza sinyamazi. Basi siku ile sikusema kitu. Nasema sasa. Matheka angekuwa mhasibu mkuu, na kiti kilikuwa kimeshafutwa vumbi kikimngoja. Alikiacha siku moja ya Juni, mwaka wa 1984, akaenda kununua mbuzi. Mimi nilikuwepo. Kamba ya mmoja wa mbuzi hao niliishika kwa mkono wangu huu, na kama nimewahi kuwa na siku ya furaha kuliko hiyo tangu nije Nairobi, basi sijaikumbuka bado.

Mimi naitwa Wangu. Ni fundi wa nguo, mtu wa Murang'a kwa kuzaliwa na wa Umoja kwa kuzeeka, na majirani huniita Mama Wakiuru kwa jina la binti yangu. Tulihamia Umoja wakati mmoja na Matheka na mkewe Nthambi, nyumba zikiwa bado zinanuka saruji na barabara ikiwa tope tupu. Ukuta kati yetu ulikuwa mwembamba hata Matheka akikohoa, mimi ndiye niliyemwambia anywe maji.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na mfukoni mwa shati alibeba kalamu tatu: nyekundu, buluu na nyeusi. Hakunywa pombe, hakucheza kamari, na mzaha ukimwambia leo alikuwa akiuelewa kesho yake. Alifanya kazi ya uhasibu katika kampuni moja ya magodoro kule Industrial Area. Pale mtaani, kukiwa na matanga au harusi, mchango uliwekwa kwake na hakuna aliyemwuliza jambo mara mbili. Alikuwa na ila moja tu, nayo ilikuja kila mwaka kama mtoza kodi. Mwezi wa Juni ukiingia, Matheka alipotea. Kampuni yao ilifunga mwaka wa hesabu mwisho wa Juni, na siku ile ya mwisho magodoro yote ya bohari yalihesabiwa, vitabu vikafungwa, wakaguzi wakaketi mezani. Mwezi huo alikuja nyumbani kulala tu, na hata kulala alilala akinong'ona tarakimu. Nthambi aliuita mwezi wa Juni mke mwenza.

Miezi ile mingine, lo, mume alikuwa mume. Nthambi alifundisha watoto wadogo katika shule ya kanisa, na alivaa raba nyeupe. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Matheka aliketi kwenye kizingiti cha mlango, mbele ya mtaa mzima, akazipaka rangi raba za mkewe mpaka zikang'aa. Wanaume wa kwetu waliopita walikohoa kwa makusudi. Walisema amekaliwa na mkewe. Wengine walisema amewekewa dawa. Siku moja nilimwuliza mwenyewe kwa nini asifanyie ndani, na akanijibu bila kuinua kichwa kwamba mkewe husimama siku nzima mbele ya watoto wa watu, na kwa kuwa watoto wale ni wafupi, kitu cha kwanza wanachokiona ni viatu. Nilishusha macho nikatazama viatu vyangu.

Sasa shauri la mbuzi lilianza hivi. Matheka na Nthambi walikuwa na binti mmoja, Kalekye, msichana mwenye sauti ya kuimba na miguu isiyotulia. Mwezi wa Mei mwaka ule wa 1984 akapata mchumba, mwalimu kijana, na watu wa mwalimu wakauliza waje lini na mbuzi wao. Matheka alifurahi, akavaa tai siku ya Jumapili, akaenda Dandora kumweleza baba mkwe wake.

Baba mkwe huyo, Mativo, alikuwa mchongaji wa vinyago. Alichonga twiga na vifaru miaka mingi kule Pumwani, kisha baraza la jiji lilipogawa viwanja Dandora, vile vya choo na bomba tu halafu unajijengea mwenyewe, alipata kimoja akajenga vyumba vinne kwa mikono yake. Alikuwa amekorofishana na ndugu zake huko Machakos kwa ajili ya shamba, na akitakiwa arudi kwao alisema kwao ni pale alipo na jiko lake. Mlango wa nyumba yake aliuchonga wote, juu mpaka chini, na ukibisha ulibisha kwenye mgongo wa kobe.

Matheka alibisha, akakaribishwa, akaeleza habari njema. Mativo akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia polepole kwamba hawezi kula mbuzi wa mjukuu kabla hajala wa binti.

Nieleze kidogo hapa. Kwa Wakamba kuna mbuzi wanaoitwa ntheo. Ni watatu. Mume huwapeleka kwa baba wa msichana, mmoja huchinjwa, pande zote mbili hula pamoja, na hapo ndipo msichana huwa mke wa mtu. Mchungaji anaweza kufungisha ndoa na serikali ikapiga muhuri, lakini kama mbuzi hao hawajaliwa, mwanamke bado ni wa kwa baba yake, hata akiwa na wajukuu. Na mama ambaye mbuzi wake hawakuliwa, mbuzi wa binti yake watapitia mlango gani? Sisi Wakikuyu tuna desturi zetu zinazofanana na hizo, kwa hiyo mimi sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Matheka alishtuka, maana kwa hesabu zake alikwisha kumaliza jambo hilo zamani. Alipooa, mwaka wa 1965, ndio kwanza alikuwa ameandikwa kazi, na siku aliyotakiwa apeleke mbuzi iliangukia Juni. Mkubwa wake wa wakati ule alimkatalia ruhusa. Basi yeye akafanya alivyoona ni sawa. Aliulizia bei ya mbuzi watatu katika soko la Machakos, akaongeza ya chumvi, akaongeza ya kuni, akampelekea mkwe wake pesa kwa posta. Nani mwingine duniani angefanya hivyo? Mtu mwingine angechelewa akaomba radhi, au angekopa mbuzi, au angejificha. Matheka alituma ntheo kwa money order, na akalala usingizi wa mtu aliyelipa.

Alimkumbusha Mativo habari hiyo kwa heshima. Mzee alikubali kwamba alipata.

"Nilipata karatasi," alisema. "Nikanunua patasi, na ni nzuri sana, bado ninazo, asante. Lakini mwanangu, karatasi hailii. Hatukukaa chini, hatukula, hakuna aliyemwuliza binti yangu kitu."

Matheka akauliza kwa nini mzee alinyamaza miaka yote hiyo. Mativo alisema mbuzi wa ntheo hawadaiwi. Alingoja mkwe wake akumbuke mwenyewe. Mkwe akamletea blanketi, akamletea redio, akamletea sukari kila mwezi bila kukosa, na kila mara mzee alichungulia nyuma yake kuona kama kuna pembe zinafuata.

Matheka alirudi Umoja akiwa na wasiwasi kidogo lakini si mwingi. Aliona ni kosa dogo la kurekebisha, watanunuliwa mbuzi wiki ijayo yaishe. Alimsimulia Nthambi jikoni akicheka, na mimi upande wa pili wa ukuta nikawa nasikia kicheko cha mtu mmoja tu. Nthambi hakucheka. Kisha nikasikia sufuria ikiwekwa chini.

Asubuhi Nthambi alinijia na mkoba mkononi, amevaa kitambaa kizuri kichwani, macho yanang'aa. Nilidhani kuna msiba. Akaniambia anakwenda kwa baba yake Dandora, kwa kuwa msichana ambaye hajatolewa kwao hawezi kulala kwa mwanamume akingoja kuposwa. Nilianza kucheka. Akanishika mkono.

"Mama Wakiuru, huyo mtu ananipenda, hiyo sibishani nayo," aliniambia. "Kupendwa nimependwa. Lakini sikuombwa. Niliingia kwake kama kitanda kilicholipiwa dukani. Nimengoja aone mwenyewe, na hakuona, kwa sababu kwake risiti ipo."

Nilimtazama mama yule, mwalimu, mtu mzima, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kitu kilikuwa kimemchoma miaka yote akitabasamu nacho. Hasira zikanipanda. Nilisema nitakwenda kumsema Matheka hapo hapo. Yeye alinizuia, akanipa kazi nyingine. Nimpelekee masharti yake, nayo ni mawili tu. Mbuzi awachague kwa mkono wake na awalete Dandora kwa miguu yake, kamba mkononi, wala asipakie lori la Masinde. Na siku ni Jumamosi tarehe thelathini ya Juni.

Tarehe ile, mnaiona ilivyo. Ilikuwa siku ya kufunga vitabu. Nthambi aliijua vizuri kuliko mimi.

Nilipompelekea habari, Matheka alikubali la mbuzi, akakubali la miguu, ingawa aliguna. Niliposema tarehe, alikaa chini kitini. Akaniambia jambo ambalo alikuwa hajamwambia hata mkewe, maana alitaka kumshangaza: mhasibu mkuu wa kampuni alikuwa anastaafu, na meneja amemwahidi kiti hicho, mradi mwaka huu wa hesabu ufungwe salama mikononi mwake. Wakaguzi wanakuja siku hiyo hiyo ya thelathini. Hawezi kukosa. Alinituma nirudi Dandora nikaombe Jumamosi inayofuata.

Nilikwenda. Nthambi alisikiliza yote, na la cheo pia nikalitoa, sikuweza kulificha. Akanimiminia chai. Kisha akasema tarehe ni ile ile, na kama hawezi basi asije, naye atajua amesimama wapi. Kalekye alikuwa kando yetu na uso ulimshuka, maana harusi yake ilikuwa imetundikwa hapo. Nilirudi Umoja na jibu hilo.

Wiki zile, jamani, mtaa ulikuwa umechemka. Bombani, dukani, kanisani, hakuna lililozungumzwa isipokuwa Matheka na mbuzi wake. Wanaume waligawanyika. Wale wa "amekaliwa" walisema sasa ndio mwanamke amepanda juu ya meza kabisa, mwache abaki kwa baba yake. Masinde, dereva wa lori la mawe, Mluhya asiyesema mara nyingi, alisema yeye kwa vyovyote anavaa koti siku hiyo. Wanawake tulikuwa upande mmoja. Na Matheka mwenyewe? Alikwenda kazini na kurudi. Lakini kila asubuhi alitoka akaketi pale kizingitini akapaka rangi raba za Nthambi, zile alizoziacha, ingawa hazikuwa na mtu wa kuzivaa. Nilimpita nikamwuliza kwa ukali anamngoja nani azione. Aliinua macho, na nikaona hajalala. Nikajuta ukali wangu, ila sikumwambia.

Matheka alikuwa hana ndugu, na wazazi wake walikwisha kufa. Mativo aliuliza nani atasimama upande wa mkwe wake, na nikasema mimi na Masinde. Mzee alifikiri, Mkikuyu na Mluhya kupeleka ntheo ya Mkamba, kisha akasema waliokula na mtu ndio jamaa yake. Kwa hiyo nilishona gauni jipya. Mpaka Ijumaa jioni sikujua kama nitalivaa.

Jumamosi asubuhi mlango wa Matheka ulifunguka. Alitoka amevaa suti ya kijivu, tai, kalamu tatu mfukoni, viatu vimepigwa brashi. Hiyo ilikuwa suti yake ya wakaguzi, ninaijua, mimi ndiye niliyeipunguza kiunoni. Alishika njia ya steji ya mabasi ya Industrial Area, nami nikabaki dirishani nimeshika gauni langu, nikimtukana kwa Kikikuyu. Alifika steji. Basi lilikuwepo, limefungua mlango. Matheka akalitazama, akatazama saa yake, akapita. Alipita steji! Akaendelea mbele, upande wa barabara ya Outer Ring, kuelekea soko la mbuzi.

Sijui nilivaa vipi. Nilitoka mbio vifungo vikiwa havijakamilika, nikipiga kelele nikimwita Masinde, naye alikuwa tayari nje na koti lake, na sisi wawili tukamkimbilia yule mtu mrefu barabarani kama watoto wanaokimbilia bendi. Tulipomfikia nilikuwa nahema hata sikuweza kuuliza. Akatueleza mwenyewe. Jana yake alimwendea meneja akamwomba ruhusa ya leo. Meneja alidhani kuna mgonjwa. Matheka akasema hapana, anaoa. Meneja, aliyemjua miaka mingi, akamwuliza kama mke wake ana habari. Matheka akajibu kwamba anamwoa mke wake huyo huyo. Basi meneja alicheka, halafu akaacha kucheka, akasema akiondoka siku ya leo kile kiti kitakaliwa na mwingine. Matheka akamkabidhi funguo za kabati la vitabu.

Nilimwuliza kama inamwuma. "Inauma, Mama Wakiuru," alisema, "lakini twende haraka, mbuzi wazuri huisha mapema."

Soko lilikuwa Huruma, karibu na bonde la Mathare. Mwaka ule mvua zilikuwa zimekataa, na mbuzi waliokuja kutoka kaskazini walikuwa mbavu tupu. Tulimkuta mfanyabiashara mmoja Msomali, Shire, mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina, na Matheka akaanza kuwakagua mbuzi kwa macho tu, mikono nyuma, kwa kuwa aliwaogopa. Alilelewa katika bweni la misheni, mbuzi aliwajua kwenye sahani. Shire alimwuliza kama anataka kununua au anataka kuwasalimia. Akamchukua mkono, akauweka juu ya mgongo wa mbuzi, akamfundisha kubonyeza ajue kama kuna mnofu. Matheka alibonyeza wa kwanza kwa ncha ya kidole. Wa kumi alimshika sawasawa. Kisha akavua koti, akanipa nilishike, akaingia katikati ya kundi lile mpaka magotini ni mavi, akawa anabonyeza, anarudi, anatazama meno, anakataa. Masinde alimwonyesha mmoja aliyefaa, naye akasema hapana, lazima achague mwenyewe. Sijapata kumwona mtu akifurahia hivyo kazi asiyoijua.

Alitoka na majike mawili ya rangi ya mchanga na beberu mweusi mwenye pembe pana. Shire alisema kuhusu beberu kwamba ni mzima wa afya, ila adabu hana. Aliposikia ni wa kuolea, alimbadilishia kamba bure, akampa na shauri: asimvute, atembee ubavuni kwake.

Tukashika barabara. Mimi jike moja, Masinde jike la pili, Matheka na beberu wake mbele. Tai yake ilikuwa imegeukia mgongoni. Watu wa Huruma walisimama kutazama, mwanamume wa suti na beberu, na kila aliyeuliza nilimjibu kwa sauti kubwa tunakokwenda, kwa nini nifiche? Tulipofika Outer Ring, ukaja msafara wa arusi, magari yamepambwa, honi zinalia, na msongamano ukausimamisha pale pale tunapovuka. Gari la bibi arusi lilikuwa na maua juu ya boneti, maua ya kweli, na mwaka wenyewe hakuna jani bichi mahali popote. Beberu aliyaona kabla yetu. Alimvuta Matheka hatua moja kubwa, akapandisha miguu ya mbele juu ya gari, akaanza kula.

Msimamizi wa arusi alitoka garini akiwa na hasira za kutosha watu watano. Matheka alikuwa amemkumbatia beberu kiunoni akimvuta, akiomba radhi, miwani imekaa upande, na beberu anatafuna waridi bila wasiwasi. Nilijitia katikati nikamweleza msimamizi aangalie mdomo wake, kwamba hapa pia ni arusi. Bibi arusi akateremsha kioo. Akataka kujua nani anaoa. Nikamwonyesha Matheka. Nikamweleza yote, pale barabarani, posta, patasi, kiti cha mhasibu mkuu, kila kitu. Msichana yule alisikiliza, machozi yakamtoka kwa kucheka, na sijui kama yote yalikuwa ya kucheka. Akang'oa maua yaliyobaki kwenye boneti kwa mkono wake mwenyewe, akamfunga beberu shingoni. Kisha akamwambia dereva wake atusindikize.

Basi tukaingia Kariobangi na magari saba yanapiga honi nyuma yetu! Akina mama wa sokoni waliacha mboga zao wakatoka na vigelegele bila kujua ni vya nani. Matheka alikuwa anacheka. Miaka niliyomjua sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti vile, na alikuwa akitembea ubavuni mwa beberu, mkono juu ya mgongo wake. Magari yalituacha darajani, nasi tukavuka mto tukaingia Dandora.

Mativo alikuwa amesimama mlangoni na wazee wawili wa ukoo wake. Alisikia mbuzi wakilia kabla ya kuwaona, na alifumba macho kidogo. Hakusalimu haraka. Alizunguka kila mbuzi, akamtazama masikio, akamtazama kwato, akamtazama na Matheka pia, suruali yake na jasho lake. Akauliza nani aliyewachagua. Matheka akajibu kwamba ni yeye. Mzee akauliza wamekuja na gari gani. Masinde akaonyesha miguu yetu kwa kidole, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza siku ile, akasema, "Hii."

Tukaketishwa uani, sisi upande huu, wao upande ule, na beberu katikati na maua yake. Kalekye alisimama kando ya bomba, ameuma kitambaa. Ndipo Nthambi akaitwa. Alitoka ndani na shangazi yake, amevaa leso mpya, ametazama chini kama inavyotakiwa, na mimi niliyemwona kila siku akianika nguo nikamwonea haya. Matheka alisimama bila kuambiwa asimame.

Mativo akasema maneno marefu. Kwamba huyu bwana amekuja na mbuzi, na mbuzi hawachinjwi mpaka msichana aulizwe. Kisha akamgeukia.

"Mwanangu Nthambi, unamjua mtu huyu? Tule mbuzi wake, au tuwarudishe?"

Nthambi akainua macho. Alimtazama Matheka kutoka viatu mpaka kichwani, kama anayemwona leo.

"Simjui," akasema.

Niliona Kalekye akishika bomba. Mzee mmoja akakohoa. Mikono ya Matheka ilikuwa imeachia kamba.

"Ninayemjua mimi leo anafunga vitabu," Nthambi akaendelea. "Yuko Industrial Area, hawezi kutoka hata nyumba ikiungua. Huyu aliyekuja leo ni mgeni kwangu." Akamgeukia baba yake. "Lakini nimempenda, baba. Kuleni."

Matheka alivua miwani akalia mbele ya wakwe zake bila kujificha uso, na Nthambi akavuka ua kabla mtu hajamruhusu, akamsogezea tai yake ikakaa mbele.